Urefu Sifuri

Mstari wa mia sita na kumi na nne ni wangu.
Niliuandika Oulu, Februari,
theluji imezika baiskeli hadi usukani,
Kaisla ana homa, amelala begani,
nami kwa mkono mmoja naieleza programu
jinsi ya kupokea pakiti za mtandao:
soma urefu, ruka kadiri ya urefu huo,
soma inayofuata.
Zikiisha, funga mlango.

Kazi ya karani tu. Pakiti inabisha hodi,
karani anauliza: una baiti ngapi?
Sitini na nne. Pita.
Mia mbili na nane. Pita.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ndivyo nilivyoandika, bila kitasa,
maana mtoto alikuwa ananichoma shingo kwa pumzi yake
na mgeni mwongo hakunijia akilini.

Miaka kumi na mmoja.
Programu ikasafiri kuliko mimi.
Ikaajiriwa pasipo mimi kuulizwa
kwenye kituo kinachopeleka maji ya moto majumbani,
ikisikiliza pampu na vali zikisemezana.

Usiku ule, nje nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
pakiti ikabisha hodi.
Una baiti ngapi?
Sifuri.
Karani akaruka hatua sifuri,
akafika palepale,
akauliza, una baiti ngapi?
Sifuri.
Akaruka.
Palepale.
Sifuri.
Palepale.

Hakuna kilichoibwa. Hakuna kufuli lililovunjwa.
Kichakataji kilifanya kazi asilimia mia,
kikitwanga maji kinuni
kwa bidii ambayo sijaiona kwa binadamu yeyote,
na nyuma yake foleni ikakua:
habari za pampu, habari za vali,
habari za king'ora.
King'ora nacho kilikuwa kwenye foleni.

Tauno Hiltula, zamu ya usiku, alitazama kioo:
nyuzi themanini na moja.
Akamimina kahawa. Akarudi: themanini na moja.
Aliniambia baadaye kwamba alifurahi,
hajawahi kuona usiku mtulivu namna ile.
Mpaka Bi Hellin Pudas, ghorofa ya nne,
akapiga simu saa kumi alfajiri:
Kijana, nimevaa koti kitandani.
Mabomba yangu yamekufa, au ni mimi?

Tulimtafuta adui wiki mbili.
Tukamkuta chini ya sakafu ya shule:
kipima joto kizee, kimeingia maji,
kikitapika tarakimu zake za mwisho.

Aliyeuona mstari wenyewe ni Eerika Lämsä, mwanafunzi,
anayelisha programu za watu upuuzi usiku kucha
aone ipi itapaliwa.
Barua yake ilikuwa fupi:
Mstari wa 614. Hukuangalia kama urefu ni sifuri.
Naambatisha baiti ishirini na mbili. Usizifungue kazini.
Nilizifungua nyumbani.
Kompyuta ikaganda, feni ikalia,
nikakaa nayo gizani kama na mgonjwa.
Baiti ishirini na mbili. Jina langu na la mke wangu
ni refu kuliko hapo.
Na kama kipima joto kibovu kiliweza bila nia,
mwenye nia je?

Kiraka ni mstari mmoja:
urefu usipofika baiti nne, kataa, toka.
Dakika tatu kukiandika.
Miezi minane sasa, na bado kuna vituo
ambavyo havijakivaa; nawapigia simu mmoja mmoja,
wananiuliza mimi ni nani, nami nasema
ni yule wa mstari ule.

Jana Kaisla alisimama kwenye mwimo wa mlango,
mgongo wima, visigino chini.
Ana miaka kumi na mitatu, anadai amenipita.
Pale pana alama za penseli, mwaka juu ya mwaka,
hata ya Februari ile ya homa ipo.
Nikamwambia, subiri,
nikaenda kutafuta rula.