Karani wa Pili

Saa nane usiku, feni ya kompyuta yavuma
kama blenda ya Sururu wa juisi za ukwaju,
na hapana mtu anayeitumia.
Nimelala kando yake, mkekani, hapa dukani Kuze,
maana nyumbani joto limenitoa.
Mita ya stima yapepesa. Tokeni za mia mbili
nilizotia adhuhuri zimebaki robo.

Nafungua lile dirisha jeusi, naita orodha ya walio kazini.
Juu kabisa, yeye: tisini na saba kwa mia.
Karani wa faharasa.
Sikumwajiri mimi. Alikuja na mfumo,
siku Fakii alipoung'oa ule wa kulipiwa
akaniwekea huu wa bure. "Wa pengwini, mjomba, haushiki virusi."
Hakunambia una msomaji ndani.

Kusoma ndiyo kazi yake.
Kila faili, neno kwa neno, kila neno na mahali pake,
ili siku nikiuliza "talaka"
anijibu kabla sijanyanyua kidole.
Na mimi niulize nini? Miaka kumi na tisa
nawachapia watu hati za kiapo waendazo nazo mahakamani,
na kadi za harusi, na barua za kuomba kazi bandarini.
Kilipo kila kitu nakijua.

Yeye anasoma tu.
Kiapo cha Bi Mwanasiti, kwamba kiwanja cha Mtopanga
aliachiwa yeye, si kakake.
Kiapo cha kakake, wiki ya pili,
meza ile ile, shilingi hamsini zile zile,
kwamba aliachiwa yeye.
Barua ya Bwana Chengo ya kuacha kazi:
nakala nane, na hakupeleka hata moja.
Anasoma mpaka anafika kwenye daftari la madeni
la marehemu Abdulaziz, kurasa mia nne za skani,
mwandiko wa kuku, faili lenyewe bovu,
hapo anakwama, anazama,
anaanza tena kwa alifu.
Hapo ndipo feni inapolia.

Nikamuua. Amri moja.
Nikahesabu moja, mbili,
akarudi na namba mpya,
kama paka uliyemvusha Likoni ukamtupa,
kumbe amekutangulia kwenye feri ya kurudi.

Nikamsimamisha. Alfajiri stima ikakatika,
ikarudi, naye akarudi nayo.
Nikampigia Fakii. Sauti ya usingizi:
"Kumuua hakutoshi, mjomba. Mwambie asianze.
Halafu futa daftari lake."

Daftari! Nikalitafuta, nikalikuta kwenye folda iliyofichwa
kwa nukta moja tu mwanzo wa jina.
Gigabaiti kumi na moja.
Kazi zangu zote, miaka yote hiyo, ni nne.

Nikaduwaa. Mtu anaandikaje
mengi kuliko aliyoyasoma?
Kisha nikacheka peke yangu.
Kwani mtaani si ndivyo? Neno la Kuze
likifika Bondeni limeshakuwa msahafu.

Nikaandika: usianze. Nikaandika: futa.
Ikaniuliza kama nina hakika.
Nikabonyeza N, ya ndiyo.
Ikaelewa hapana.
Nikaanza upya, nikaipa herufi yao.

Feni ikashuka, ikashuka, ikakata.
Nikasikia kiyoyozi cha ghorofa ya pili
kikitona kwenye karai. Kumbe siku zote kinatona.

Saa tatu akaja Msellem, kakake Mwanasiti,
akaagiza nakala mbili za kitambulisho
ambazo, naona, hakuzihitaji.
"Dada yangu," akasema, akiangalia ukuta,
"alipita hapa? Aliandika nini?"

Kiwanja cha Mtopanga, futi hamsini kwa themanini,
mnazi mmoja kwenye mpaka, mashahidi wawili,
ukurasa wa pili, mstari wa tisa.

"Mashine hii," nikamwambia, "siku hizi
haitafuti kitu."
Akaitazama. Akanitazama mimi.
Nikampa chenji yake.