Ritifaa ya Kuazima

Duka langu liko Barani, nyuma ya posho mili:
kuchapa shilingi hamsini, kurudufu kumi,
picha za pasipoti subiri umeme.

Mbeyu alikuja na karatasi ya daftari,
barua ya Kitaliano, mwandiko safi,
lugha aliyoiokota kwa mamaye, jikoni hotelini,
jinsi tunavyookota sote hapa Malindi:
chao kwanza, sarufi baadaye.

Mstari wa kwanza tu ukanikwamisha.
Juu ya a ya mwisho palikuwa na kijiti
kimelalia kushoto, kama njiti ya kiberiti
iliyoegemezwa ukutani.
Nikatafuta. Kibodi yangu ina dola, ina nyota,
ina mabano yasiyofumba neno la mtu.
Kijiti haina.

"Niache hivi hivi," nikasema. "Papa. Ataelewa."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Kwao huyo ni Papa wa Roma.
Kwetu ni ng'onda, ananukisha gunia zima.
Mimi namwandikia baba."

Nikajaribu papaa; neno likapaa.
Nikajaribu papah; likahema kama mtu ngazini.
Ndipo nikamkumbuka yule ng'onda
na ritifaa yake, inayoning'inia pale siku zote,
inayotenga kung'oa na ngoa.
Nikaiazima:

papa'

Mbeyu akainamia kioo, muda.
"Haikukaa juu yake. Imesimama nje."
"Mlangoni," nikasema, na papo hapo nikajuta.
"Basi iache. Hata yeye hakuwahi kuingia ndani."

Tukaendelea. Mji wake, Forli'. Jina lake, Nicolo'.
Perche', ambalo hata mimi nalijua, mara saba,
kila mara kidole kikirudi kwenye kitufe kile cha pembeni
kilichochujuka kwa sababu ya ng'ombe na ng'ambo.

Kwenye cheti cha kuzaliwa yeye ni Mbeyu Nikolo;
karani alisikia hivyo, akafunga kitabu.
Karatasi ilipotoka, ingali na joto, akaomba kalamu.
Nilidhani atasahihisha zote.
Akatia kijiti kimoja, kwenye jina lake la mwisho,
polepole, akaupuliza wino ukauke.

Hamsini yangu aliiacha kaunta, sarafu tupu.

Kitufe kile tangu siku hiyo kinanata.
Leo nimechapa tangazo la mnada wa mifugo:
ngombe watano, limetoka hivyo,
nikalichana, nikaanza upya.