Maji ya Moto, Ziwani

Mtaa wetu unaitwa Ziwani na hauna ziwa.
Una bomba moja nyuma ya kina Okumu
ambalo hukohoa hewa Jumatatu hadi Jumatano,
na Alhamisi, kama kuna aliyetukumbuka ofisini, hutoa maji.
Mimi ni fundi wa mabomba ya jiji.
Usinicheke. Daktari naye huugua.

Walinipeleka Japani wiki tatu nikajifunze kusikiliza.
Fimbo ya chuma, ncha moja kwenye lami, nyingine sikioni,
saa nane za usiku, mji umelala,
na mzee Hayasaka akininong'oneza kupitia mkalimani:
Hiyo ni friji ya duka.
Hiyo ni damu yako mwenyewe.
Hayo sasa, hayo ndiyo maji yanayopotea.

Usiku wa mwisho wakatulaza nyumba ya wageni kando ya ziwa,
ziwa la kweli, lenye ukungu na bata wawili.
Viatu vilibaki mlangoni kama msikitini.
Sakafu ilikuwa mikeka; nikatulia, mkeka naujua.
Mama mwenye nyumba akapiga magoti kunimiminia chai,
nami, kwa kutojua, nikapiga magoti pia,
tukabaki hivyo, vichwa chini,
kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke.

Kisha bafu.
Kule unaoga kwanza, ndipo uende kuoga.
Unakalia kigoda, unajimwagia kwa ndoo ya mbao.
Kigoda na ndoo! Nimepanda ndege mbili
kuja kukutana na bafu la kwetu.
Nikavuka ua kwa kitaulo
kisichotosha hata aibu ya mtoto,
theluji ikiniangukia mabegani,
nikaingia.

Maji yalipanda yenyewe kutoka ardhini,
bila kuni, bila gesi, bila tokeni ya stima.
Yalinuka kiberiti. Yakanishika hadi shingoni,
na magoti yangu, niliyoyachosha miaka kumi na sita
kwenye mitaro ya Pangani na Kariokor,
yakanisamehe.

Lakini yalikuwa yakifurika ukingo,
usiku kucha yakishuka ziwani,
na hakuna aliyekinga hata kopo.
Hapo ndipo raha iliponishinda.
Wenzangu wamefumba macho, mimi nahesabu:
jerikeni moja, jerikeni mbili,
kina Okumu, Mama Syombua na mapacha wake,
wale wanafunzi wa chumba cha mwisho.

Niliporudi nilimsimulia shangazi Nabwire.
"Na wanaume wote uchi?"
"Uchi."
"Na hakuna aliyecheka mwenzake?"
"Hakuna."
Akafikiri. "Basi ni watu wazima."
Yeye siku hizi hawezi kuinama.
Vidole vyake vya miguu vimekuwa kama jamaa wa mbali:
anajua wapo, anawaulizia, hawaoni.

Sasa ni Julai. Wamaasai waliuita mji huu
maji baridi, nao hawakutudanganya.
Saa tisa usiku natoka na koti juu ya pajama,
naweka sikio kwenye bomba.
Friji ya Okumu.
Damu yangu mwenyewe.
Kisha, kutoka upande wa Kariokor,
mlio kama mtu anayeburuta shuka sakafuni.

Nabisha milango yote. Ndoo zinatoka kabla ya watu.
Nachemsha sufuria, nachanganya katika karai,
namwamsha shangazi, namkalisha kitandani,
naishusha miguu yake polepole, mmoja, halafu wa pili.
Anaguta. Ananitukana kidogo kwa Kisamia.
Halafu mabega yake yanashuka,
na mvuke unapanda hadi kwenye miwani
aliyosahau kuivua.

Nje, ndoo ya mwisho imejaa.
Nayasikia yakipita ukingo,
yakipiga saruji, yakishika njia ya mtaro.
"Makokha," anasema bila kufumbua macho,
"we fundi gani? Maji yanamwagika."
Nayasikia, shangazi.
Niache nisikilize kidogo
kabla sijaenda kufunga.