Safu ya Tisa

Miaka ishirini na mitatu nimemwekea hesabu Nachimuthu,
mwenye kiwanda cha fulana, mjini Tiruppur.
Pamba safu ya kwanza, uzi ya pili, rangi ya tatu,
umeme, mishahara, kodi, mikopo, usafirishaji.
Ya tisa haina jina.
"Iache hivyo," aliniambia. "Andika tarakimu tu."

Nikaandika tarakimu.
Mashine nne za kusafisha damu, hospitali ya serikali.
Karo ya binti wa mlinzi, mwaka wa kwanza wa uuguzi.
Kuni za kumchomea maiti asiye na ndugu.
Miguu ya bandia, jozi kumi na moja,
na mmoja usio na mwenzake.

"Nimekopeshwa na watu nisiowajua," husema,
akiimimina kahawa kikombeni, bakulini, kikombeni tena, mpaka ipoe.
"Nilikuwa na miaka tisa, na homa, bila nauli.
Konda akanifikisha Erode, akanifunika shati lake.
Tangu hapo nashona nguo, namrudishia."

Mimi mtu wa hesabu;
maneno ya namna hiyo huyapitisha kwenye ungo.
Lakini yalikaa juu, hayakudondoka.

Kisha ukaja usiku wa tuzo.
Shada la waridi shingoni, makofi,
mtumishi wa ubinadamu, akatangaza mshereheshaji, mara mbili.
Poongodi, wa meza ya kushona kola,
akapanda jukwaani bila kuitwa,
mkononi chupa ya maji ya kisima cha kwao,
kule chini mto Noyyal unakopita.
Maji ya zambarau.
"Bwana, hii ni oda ya mwezi gani?"

Aliipokea kwa mikono miwili,
akaiinua kwenye taa.
Aliijua rangi ile.
Ndiyo iliyonunua mashine nne.
Hotuba ilibaki mfukoni. Shada lilibaki kitini.

Saa nane za usiku akanipigia simu:
"Safu ya tatu na ya tisa,
umewahi kuzisoma pamoja?"
Nilikuwa nimewahi.
Miaka yote hiyo nilikuwa nimewahi.

Sasa nyuma ya karakana pana mtambo wa kuchuja maji.
Umemeza faida ya miaka mitatu na nyumba yake ya Ooty.
Tenda wema nenda zako, walisema waliotangulia;
yeye haendi.
Kila Ijumaa huchuchumaa penye bomba,
suruali imekunjwa, anachota, ananusa.

Mto haujatakata. Juu yetu kuna viwanda vingine
na wenyewe wana tuzo zao.
Poongodi huja kila mwisho wa mwezi,
huitua chupa mezani pangu, hasalimu.
Nazipanga dirishani: zambarau, zambarau, urujuani.
Ya mwezi huu ni kama chai ya maziwa iliyolala.

Nimeshika kalamu tangu asubuhi.
Sijui niiandike safu gani.