Chandarua cha Kwanza Uru

Mama alinunua chandarua sokoni Mbuyuni.
Muuzaji akauliza, "Unashuka Kahe?"
"Hapana. Napanda Uru."
Akacheka yule kijana. Uru,
tulikolala na mablanketi mawili,
mbu akiwa habari za watu wa tambarare?

Lakini mbu hana kibali cha hifadhi, hana mpagazi.
Amepanda kama mgeni mpole:
juzi kwenye mfongo,
jana migombani,
leo yuko jikoni anatuimbia.

Mimi ndiye msoma kopo la mvua pale shuleni,
kopo na kipimajoto na daftari
nililorithi kwa Mwalimu Elinkira.
Mwandiko wake umelala, wangu umesimama,
ila tarakimu hazibembelezi mtu.

"Nyuzi moja na nusu," nikamwambia Mama.
Akanitazama kama nimempunja kwenye mizani.
"Kidogo hivyo?"
Nikamkumbusha homa ya Ndeshi:
thelathini na saba, mtoto anacheza;
thelathini na tisa,
tunagonga milango usiku kutafuta pikipiki.

Akanyamaza.
Akapigilia misumari minne juu ya kitanda,
mmoja ukapinda, akaunyoosha kwa jiwe.

Alfajiri wingu likafunguka. Barafu ile kileleni
kama sabuni iliyobaki kisahanini.
"Nani anafua hivyo?" akauliza.
"Wengi, Mama. Wengine hawajui hata kama kuna mlima."

Akachomeka pindo la chandarua chini ya godoro,
akasema nisichelewe kopo langu.