Mfuko wa Ufunguo

Mimi ni mshona maleba, ukumbi wa Gyumri,
miaka kumi na tisa na sindano kinywani.
Nje theluji imefika madirishani. Ndani
kuna ngome ya Van, ya mbao na gundi,
na mfalme mwenye ndevu za manyoya ya mbuzi
nilizozichana mwenyewe alasiri.

Mara arobaini na moja nimemwona malkia
akishuka ngazi zile tisa kwenda kwa mfungwa,
mtabiri wa kabila lililochomewa mizabibu.
Hamtazami. Hutazama juu ya kichwa chake
kama mtu anayesoma mvua. Kisha husema:

    Bibi rudi kwa mumeo, hata kama unapenda,
    Mkono ufunguao, nyumba yake itavunda,
    Nauona moto huo, paa lenu ukipanda,
    Na jina lako kilio, midomoni mwa makinda.

Na mkono huingia mfukoni,
mfuko nilioukata mimi kwenye bitana,
wa kutosha ufunguo mmoja na vidole viwili.
Hata mzee wa taa huamka hapo.

Jana, kabla ya pazia, niliushona mfuko huo.
Uzi maradufu, mafundo matatu.
Nilijiambia ni huruma:
walau usiku mmoja ngome isiungue,
ashuke, akose, apande tena akalale.
Sikujiambia kwamba mtabiri ni Vardges,
kwamba Zaruhi anapofungua pingu
hutumia dakika nzima,
na maandishi yanasema upesi.

Nilisimama pembeni, pini zimejaa kwenye kola.
Mkono ukaja. Ukapapasa. Ukagonga mshono.
Akatazama chini, si malkia tena, Zaruhi tu,
mama wa mtoto mwenye kikohozi;
nikadhani, haki ya Mungu, nimeshinda.

Akaukamata upindo kwa mikono miwili, akararua.
Hariri ikipasuka hupiga yowe.
Ufunguo ukaanguka, ukadunda ngazi moja,
mbili, zote,
hadi miguuni pa Vardges,
naye, ambaye hajawahi,
akainua macho yake akamtazama.

Haikuandikwa hivyo. Hakuna aliyekohoa.
Mfalme akaingia na upanga wake wa bati
na maji ya komamanga yakatiririka kama kila siku.

Leo mwongozaji anasema: ibaki hivyohivyo.
Kila usiku mfuko ushonwe, kila usiku upasuliwe.
Basi nimeketi hapa karibu na jiko
nikitafuta uzi hafifu zaidi,
unaokatika bila kumchosha.

Doa la komamanga hutoka kwa chumvi na maji baridi.
Maji ya moto
huligandisha.