Mpigaji Asiyesubiri

Jumapili, suti ya dansi bado inaning'inia mlangoni,
jasho la jana halijakauka kwapani,
mpwa wangu Merentia akaingia na kompyuta chini ya koti
kama mtu aliyeficha kuku wa wizi.
"Mjomba," akasema, "nimekuletea mpiga ngoma."

Anafanya kazi kule kwenye madishi,
saa moja na nusu kwa barabara ya changarawe,
sahani kubwa nyeupe zilizopangwa katika ukame wa Karoo
zikitazama juu
kama za harusi ambayo mchuzi umechelewa.
Kwa ajili yake tumeambiwa tunyamaze.
Simu hazishiki, redio ya jikoni ni mahali pa kuwekea funguo,
na Dorette, mwimbaji wetu, huburuta waya wa maikrofoni
ukumbi mzima, kama mbuzi aliyefungwa kambani.
Sikulalamika sana.
Mgeni akija kusikiliza, hupewa kiti.

Akabonyeza.
Tu. Tu. Tu. Tu.
Nyota iliyokufa, akasema. Ililipuka, ikabaki kokwa;
upana wake ni kutoka hapa hadi shamba la akina Slingers,
uzito wake unalishinda jua.
Linazunguka, na kila likizunguka
linatumulika kwa mwali usioonekana,
kurunzi ya mlinzi inayopita ukutani.
Wao huugeuza mwali kuwa sauti.

Ngoma zilikuwa bado garini.
Nikapindua beseni la kufulia, nikashika vijiti.
Tu, naye. Tu, nami.
Lo, anashika!
Miaka arobaini ya kupiga waltz katika kumbi za michezo,
sijapata kukaa na mwenzangu asiyelewa,
asiyeomba sigara, asiyekodolea macho wake za watu.
Dakika ya kwanza nilimpenda.
Dakika ya tatu nikaweka vijiti chini.

"Ana kasoro gani?"
"Hasubiri."

Ikabidi nimweleze habari za Isak Dampies, ambaye hakumkuta.
Ujanani Isak alichimba asbesto kule Prieska.
Vumbi la buluu likakaa kifuani mwake miaka thelathini
kama mpangaji mpole,
kisha likaanza kudai nyumba.
Mwaka wake wa mwisho, pumzi ilikatika
kabla saksafoni haijafika kwenye nukta.
Hakuna aliyesema neno. Nilirefusha tu
nafasi kati ya pigo na pigo,
unene wa ukucha,
mpiga besi akanifuata, Dorette akafuata,
na wachezaji wakajikuta wanazunguka taratibu,
wazee kwa vijana, wakidhani ni mapenzi.
Isak akavuta hewa mle ufani.
Akanitazama mara moja. Hakurudia,
nami sikutaka arudie.
Tulimzika Agosti. Sururu mbili zilivunjika mpini.

Merentia kimya. Tu. Tu. Tu.
Halafu, kwa ile sauti yake ya kazini:
"Hata hii inapunguza mwendo, mjomba.
Kila mwaka. Kidogo mno, tunapima
kipande cha kipande cha kufumba jicho."

"Inamsubiri nani?"

Akacheka. Akaanza mambo ya sumaku, nguvu inayovuja,
nami nikaitikia, ndiyo, ndiyo,
kama mtu aliye kwenye mahubiri
huku harufu ya nyama inamwita kutoka jikoni.

Usiku nikatoka uani na beseni.
Sikujua nielekee upande gani;
alisahau kunionyesha, nami sikuuliza.
Nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi, kama kawaida yao.
Nikapiga pigo moja.
Nikangoja
kuliko inavyoruhusiwa kwenye waltz.
Mbwa wa jirani akainua kichwa.
Nikapiga la pili.